Jedwali la vitenzi vya Kiingereza lipangwe kwa sikio, si kwa alfabeti

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa elimu ulitoa jedwali la vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni katika wakati uliopita. Lilichukua nusu ya ukurasa, safu tatu, kuanzia "abide" hadi "write", na chini yake mliweka maelekezo: kariri vitenzi kumi kila siku. Pembeni palikuwa na kisanduku cha vichekesho, ndani yake sentensi za watu waliosema "I goed", "she buyed" na "we eated".

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nafundisha madarasa ya jioni, na wanafunzi wangu ni watu wazima wanaokuja wakitoka kazini, wamechoka, na daftari wamelikunja mfukoni. Vitenzi hivi ndivyo ninavyoshinda navyo. Nawashukuru kwa kuipa mada hii nafasi kubwa namna ile. Lakini kwa jinsi jedwali lilivyopangwa litawachosha watu bure, na kile kisanduku kitawafunga mdomo wale hasa ambao wameanza kuelewa. Naomba mkilichapa tena mlipange upya, na kisanduku mkiondoe.

Nianze na mpangilio. Alfabeti inamfaa mtu anayefungua kamusi, kwa sababu anajua neno analolitafuta. Anayejifunza kusema bado hajui. Tazameni mwenyewe anakutana na nini akianzia juu kwenda chini: "abide", "arise", "awake", "beget", "bereave", "beseech", "chide", "cleave", "forsake". Anamaliza haya yote ndipo afike kwenye "go". "Say", "see" na "take" viko huko chini kabisa, ambako wengi hawafiki, maana kufikia siku ya nne au ya tano mtu ameshakata tamaa. Mtu anaweza kufanya kazi kwa Kiingereza miaka mingi asihitaji "besought" hata mara moja. "Said" atalihitaji leo kabla ya saa sita mchana.

Vitenzi kumi vinavyotumika kuliko vyote katika Kiingereza ni "be", "have", "do", "go", "say", "can", "will", "see", "take" na "get". Hakuna hata kimoja kati yake kinachochukua "-ed". Vyote kumi havifuati kanuni. Na wakati huo huo, ukivikusanya vitenzi vyote vya lugha hiyo, ambavyo ni maelfu, visivyofuata kanuni havifiki hata 200 katika hesabu nyingi. Yaani ni kundi dogo, ila limekaa mlangoni, na kila anayeingia lazima apite kwao.

Wanafunzi huniuliza kwa hasira, na wana haki: kwa nini usumbufu wote urundikwe kwenye maneno ya kila siku? Jibu ni kwamba maneno ya kila siku ndiyo pekee yanayoweza kuutunza. Umbo kama "went" halitengenezwi kwa kanuni yoyote. Ama umelisikia ukalishika, ama huna. Linalosikika asubuhi hadi usiku halisahauliki. Linalosikika mara moja kwa mwaka, mtoto anakua bila kulishika, siku akilihitaji anabandika "-ed", na watoto wake wanalirithi likiwa hivyo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 Erez Lieberman, Jean-Baptiste Michel na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Walichukua vitenzi 177 ambavyo havikufuata kanuni katika Kiingereza cha kale, miaka kama 1,200 iliyopita, wakavifuatilia hadi leo. Katika Kiingereza cha zama za kati vilikuwa vimebaki 145. Sasa vimebaki 98. Vingine vyote vimechukua "-ed". Na kasi ya kubadilika inakwenda na matumizi: kitenzi kinachotumika mara 100 chini ya kingine hubadilika mara 10 upesi zaidi. Ndiyo maana "be" na "have" vimesimama vilevile, na "chide", ambalo zamani lilikuwa "chid", leo watu wengi wanaliandika "chided" bila kusita.

Kiswahili chetu kina tabia hiyo hiyo, ila hatuioni kwa sababu tumezaliwa nayo. Mwambie mtu asome, unasema "soma". Mwambie apike, "pika". Mwambie aje, huwezi kusema "ja". Unasema "njoo". Na vitenzi vifupi kama kula, kunywa, kuja na kufa vinabeba "ku" yao katika "alikula" na "atakuja", halafu vinaiacha katika "hali" na "asije". Mgeni anayejifunza Kiswahili anahangaika na hivyo hivyo, na ni vitenzi vya kila siku vitupu. Nikiwaeleza hivi wanafunzi wangu hasira hupungua, maana wanaona hawajaonewa.

Sasa historia kidogo, kwa sababu inasaidia kukumbuka kuliko wengi wanavyodhani. Kubadilisha irabu ya katikati, kama "sing, sang, sung", hakukuwa fujo. Ndiyo ilikuwa kanuni yenyewe, na ni ya zamani kuliko Kiingereza. Mjerumani hadi leo anasema "singen, sang, gesungen" na "trinken, trank, getrunken", na yeyote anaona undugu wake na "drink, drank, drunk". Jacob Grimm, yule Mjerumani aliyekusanya ngano pamoja na ndugu yake, ndiye aliyeviita vitenzi vya namna hii vyenye nguvu, kwa kuwa vinajibadilisha vyenyewe ndani, na vile vinavyohitaji kiambishi mwishoni akaviita dhaifu. Kiingereza cha kale kilikuwa na makundi saba ya vile vyenye nguvu, kila kundi na mpango wake wa irabu. Baadaye "-d" ikatapakaa. Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066 na maneno ya Kifaransa yakaanza kumiminika, karibu yote yalipokewa kwa "-ed". Na leo kila kitenzi kipya kinapita njia hiyo: ukitafuta kitu kwenye Google ni "googled", ukituma ujumbe wa simu ni "texted".

Wasomaji wenu wengi wana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, au wameisikia ikisomwa. Wafungue Luka 1:54, katika wimbo wa Mariamu, pale Mungu alipomsaidia Israeli mtumishi wake. "Help" hapo limeandikwa "holpen". Leo ni "helped", na hakuna anayejua kama liliwahi kuwa kitu kingine. Kisha wafungue Mwanzo 26:18, Isaka anapochimba tena visima vya baba yake. Hapo imeandikwa "digged". Leo ni "dug". Kimoja kimetoka kwenye irabu kwenda kwenye "-ed", kingine kimetoka kwenye "-ed" kikajiunga na akina "cling, clung" na "sting, stung". Mwanafunzi wangu akisema "digged" namsahihisha, kwa sababu mwajiri wake atatazamia "dug". Lakini namwambia pia kwamba watafsiri wa mfalme waliliandika kama yeye, na namwona anakaa vizuri kwenye kiti.

Katika darasa langu ubao haugawanywi kwa herufi. Unagawanywa kwa sauti, kwa sababu kitenzi kinakuja kinywani kwa sauti yake.

Kundi la kwanza ni vile visivyobadilika kabisa: "cut", "put", "hit", "shut", "let", "set", "cost", "hurt", "spread". Viweke pamoja na sababu inajionyesha yenyewe. Vyote vinaishia kwa "t" au "d", sauti ambazo tayari ni za wakati uliopita, na masikio ya Waingereza hayakuona haja ya kuongeza nyingine. Mtu akijua hilo anavishika vyote kwa jioni moja. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba "she put" ni jana na "she puts" ni kila siku, na kwamba ile "s" ndiyo pekee inayovitenga.

Kundi la pili nalipenda sana: "keep, kept", "sleep, slept", "weep, wept", "sweep, swept", "feel, felt", "leave, left", "mean, meant", na pamoja nayo "meet, met", "feed, fed", "lead, led". Hivi wengi huvidhania vya ajabu, kumbe ni vya kanuni vilivyopatwa na ajali ya matamshi. Zamani irabu ya "keep" ilikuwa ndefu. Ilipokuja "t" kukaa nyuma ya "p", zikawa konsonanti mbili zimebanana, na irabu iliyo mbele yao ikafupishwa. Baadaye irabu ndefu za Kiingereza zilihama zote, "keep" ikahama nazo, na ile fupi ya "kept" ikabaki ilipo. Mwanafunzi hahitaji kuikumbuka hadithi yote hiyo. Anachohitaji ni kuyasema mawili mawili kwa sauti mara nyingi, refu kisha fupi, hadi mdomo uzoee. Baada ya hapo akipewa "creep", ambalo hajawahi kuliona, anasema "crept" mwenyewe.

Wako wenye mlio wa "ought" na "aught": "bring, brought", "buy, bought", "think, thought", "fight, fought", "seek, sought", "teach, taught", "catch, caught". Ile "gh" haisikiki leo, lakini ilisikika zamani, ilikuwa sauti ya kooni karibu na "kh" ya "kheri". "Catch" ni mgeni aliyetoka Kifaransa, mmoja wa wachache wasiopokewa kwa "-ed". Kiliiga "latch", ambalo wakati huo wakati wake uliopita ulikuwa na mlio huu. Hapa nawaonya wanafunzi wangu juu ya "bring" na "buy" tu, kwa sababu "brought" na "bought" hutofautiana kwa "r" moja, na kwenye barua ya kazi tofauti kati ya kuleta na kununua ni kubwa.

Kisha akina "drink, drank, drunk", "begin, began, begun", "swim, swam, swum". Akina "know, knew, known" na "grow", "throw", "blow", "fly". Akina "write, wrote, written", "drive, drove, driven", na binamu zao "speak, spoke, spoken", "break, broke, broken". Akina "send, sent", "spend, spent", "lend, lent". Kundi hili la mwisho ndilo lililozaa "went". Kilikuwepo kitenzi "wend", maana yake kushika njia, na wakati wake uliopita ulikuwa "went", kama "send" na "sent". "Go" lilikuwa na umbo lake jingine ambalo limekufa, likalichukua "went" likalifanya lake. Ukiandika "went" chini ya "sent", "spent" na "lent", linaacha kuwa kioja.

Baki la mwisho ni wapweke ambao hawana ndugu: "was" na "were", "did", "had", "made", "saw", "said". Hata hapa msaada upo. "Had" ni "haved" na "made" ni "maked", yamelainika kwa kutumiwa sana. "Said" linahitaji onyo la matamshi, kwa sababu linasomwa "sed" na watu wengi wanalisoma kama lilivyoandikwa.

Mhariri, yapo na mambo mawili ya kusahihisha katika jedwali lenu. "Lie" mmeliweka mara moja tu, "lie, lied, lied". Hilo ni la kudanganya, na linafuata kanuni, halikupaswa kuwemo. La kulala ni "lie, lay, lain", na la kulaza kitu ni "lay, laid, laid". Muuguzi anayeandika ripoti ya mgonjwa anahitaji kuvijua vyote vitatu asije akaandika kwamba mgonjwa alidanganya kitandani. Pili, "read, read, read" haikuwa na maelezo yoyote. Umbo la pili na la tatu hutamkwa kama rangi nyekundu, "red". Msomaji wa jedwali lenu ataondoka akiamini kwamba halibadiliki hata kwa sauti, naye atasikika akisema kila siku anaposema jana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaliona likiandikwa popote, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Watu wetu wengi wanajua maumbo haya, lakini hawayatumii. Ninaye mwanafunzi, dereva wa lori, ambaye alikariri jedwali kama la kwenu kwa moyo wote. Ukimtajia "teach" anajibu "taught, taught" kabla hujafunga mdomo. Nikawaambia waandike habari ya asubuhi yao. Yeye aliandika hivi: "I woke up at four, take my bag, drive to the office and find the gate locked." Kitenzi cha kwanza sahihi, vitatu vilivyofuata vitupu. Si kwamba hajui "took", "drove" na "found". Nilimuuliza palepale akavitaja vyote.

Nikamwomba anisimulie kwa Kiswahili. Akasema: "Niliamka saa kumi, nikachukua mfuko, nikaendesha hadi ofisini, nikakuta geti limefungwa." Basi kosa lote likawa limesimama mbele yetu. Kiswahili kinataja wakati mara moja, kwa "li", kisha kinakabidhi kazi kwa "ka", na "ka" inaburuta tukio moja baada ya jingine bila kurudia kwamba ilikuwa jana. Ni utamu wa usimuliaji wetu. Kiingereza hakina "ka". Kila kitenzi katika habari ya jana kinabeba jana yake mwenyewe. Dereva wangu hakuwa mzembe, alikuwa anasimulia kama alivyofundishwa na mama yake, na jedwali la alfabeti lisingemwambia hilo hata angelikariri mwaka mzima.

Tangu siku ile tunafanya hivi: kila mtu anaandika habari yake kwa Kiswahili, anapiga mstari chini ya kila "ka", na kila penye mstari ndipo umbo la pili linapotakiwa. Dereva aliirudia habari yake: "I woke up at four, took my bag, drove to the office and found the gate locked." Vitenzi vinne, vyote visivyofuata kanuni, katika sentensi ya kawaida kabisa. Ndivyo ilivyo. Maisha ya kila siku yanasimuliwa kwa vitenzi hivi.

Na Kiswahili kinaweza pia kutusaidia, tukikubali kukitumia darasani. Kosa la "I didn't went" na "Did you saw?" limeenea sana. Nawaonyesha "sikununua". Wakati uko wapi hapo? Uko kwenye "ku", na "nunua" imekaa ilivyo. "I did not buy" ni hivyo hivyo: "did" imeshabeba wakati, kitenzi kinabaki kilivyo. Hakuna Mswahili anayebandika wakati mara mbili kwenye "sikununua", na akiona hivyo haandiki tena "didn't bought". Kwa umbo la tatu natumia "me". "Niliandika" ni "I wrote". "Nimeandika" ni "I have written". Hailingani kila mahali, na mbele ya safari nawaambia hivyo, lakini mwanzoni inamtoa mtu kwenye "I have wrote" haraka kuliko maelezo yoyote ya sarufi ninayoyajua.

Nimalizie na kile kisanduku cha vichekesho, ambacho kimeniumiza. Mtu anayesema "goed" hajalisikia kwa yeyote. Hakuna mwalimu aliyemfundisha, hakuna kitabu kilichoandika. Amelitengeneza mwenyewe kwa kanuni aliyoigundua, na kanuni yenyewe ni sahihi. Watoto wa Kiingereza wenyewe hupita hapo. Mwanzoni husema "went" kama walivyolisikia kwa mama. Wakishaitambua "-ed" huanza kusema "goed" na "comed", na wazazi hudhani wamerudi nyuma, kumbe wamesonga mbele. Polepole "went" hurudi. Mwaka 1958 mtafiti wa lugha Jean Berko aliwaonyesha watoto picha ya mtu anayefanya kitendo cha kubuni kiitwacho "rick", akawauliza jana alifanya nini. Walisema "ricked". Neno lenyewe halikuwepo katika lugha, kwa hiyo hawakuwa wamelikariri popote.

Anayesema "Yesterday I go" yuko nyuma ya anayesema "Yesterday I goed". Sisi tunamcheka huyu wa pili.

Na kicheko kina gharama. Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa makamo, alichekwa kazini kwake kwa kusema "I teached". Hakubishana. Aliacha tu kuutumia wakati uliopita. Alipokuja kwangu alikuwa anasema kila kitu kama kinatokea sasa: "Yesterday I am meeting the client, I am giving him the papers." Alikuwa na ustadi mkubwa wa kukwepa, angeweza kukueleza mwezi mzima uliopita bila kugusa hata "was". Sarufi yake haikuwa na tatizo kubwa. Ilikuwa hofu. Nilimweleza kwamba "teached" lilikuwa na akili ndani yake, na kwamba kilichobaki ni kulipeleka "teach" kwa ndugu zake "caught" na "bought". Ilichukua muda mrefu kabla hajathubutu.

Hata kusahihisha kuna namna yake. Mtu akiniambia "I goed to the meeting", simkatizi. Namjibu: "Oh, you went to the meeting? Who did you see there?" Amelisikia "went" mahali pake, katika mazungumzo yake mwenyewe, na swali langu linamtaka aseme "saw". Mara nyingi jibu linakuja na maumbo yote mawili yamekaa sawa, na hakuna aliyeaibika.

Ombi langu, kwa hiyo, ni hili. Chapeni jedwali upya kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe ya vile vitenzi kumi vinavyotumika kuliko vyote tu, isipokuwa "can" na "will", ambavyo vinahitaji somo lao, na mahali pao mweke "come" na "make". Kila kimoja kiwe ndani ya sentensi mbili, moja ya "did not" na moja ya habari ya jana. Awamu zinazofuata ziwe za makundi ya sauti, kundi moja kila wiki, na matamshi yaandikwe kwa herufi za Kiswahili ili msomaji asiye na mwalimu aweze kuyasema peke yake. "Learnt" na "learned", "dreamt" na "dreamed" yaandikwe yote mawili, kwa kuwa Mwingereza na Mmarekani hawakubaliani hapo na mtahiniwa asiadhibiwe kwa lolote. "Beseech", "beget" na "cleave" yasubiri mwisho, au yaachwe kwa kamusi.

Mahali pa kile kisanduku, wekeni habari fupi za wasomaji wenyewe, sentensi nne tano za jana yao, zikiwa zimesahihishwa kwa heshima bila majina. Wanafunzi wangu wako tayari kuanza. Nimeambatanisha pamoja na barua hii habari ya dereva, kwa ruhusa yake, katika hali zote mbili, na makundi yote kama ninavyoyaandika ubaoni. Mnaweza kuyatumia mpendavyo bila kunitaja.

Wasalaam,
Mwalimu wa madarasa ya jioni